Programu Nne na Sauti ya Mzee Katembo

Nimeacha kazi mwezi uliopita. Hakuna aliyenifukuza, wala siumwi sana. Ni macho tu. Mtu wa montaji, yaani wa kukata na kuunganisha picha za video, anaishi kwa macho yake, na yangu yalianza kuona mistari miwili pale palipo na mmoja. Msaidizi wangu Kahindo amebaki na chumba chetu cha kazi cha Mususa, hapa Butembo, pamoja na wenzake wawili. Waliniomba niwaandikie namna tulivyokuwa tukifanya kazi, wakitaka hasa orodha ya vibonyezo. Orodha hiyo nimeiandika kwenye karatasi nyingine, mtaiona ukutani. Hapa naandika mambo ambayo hayakuenea kwenye karatasi ile.

Niliingia katika kazi hii kwa mlango wa redio. Nilikuwa fundi wa redio na kaseti, niliyejifundisha mwenyewe, mali yangu ikiwa bisibisi mbili na kamusi ya Kifaransa isiyo na jalada. Siku moja akaja Mwalimu Ngoy na kamera iliyokataa kutoa kaseti. Alikuwa mwalimu wa fizikia, mtu wa Katanga aliyetumwa na serikali kufundisha Butembo, na siku za Jumamosi alipiga video za ndoa za watu. Ilinichukua saa mbili kutoa kaseti ile bila kukunja mkanda hata sehemu moja. Hakunisifu. Aliangalia mkanda, akaangalia vidole vyangu, akauliza:

«Petit, mdogo yangu, Jumamosi uko na kazi?»

«Niko na misa ya jioni.»

«Ndoa itaisha mbele ya misa. Kuja na hivyo vidole.»

Kazi yangu siku hiyo ya kwanza ilikuwa kupiga kofi. Kofi moja, mbele ya kamera, kila mara kabla mtu hajaanza kuhutubu. Mwalimu Ngoy alirekodi sauti kwa kinasa sauti kidogo alichokificha ndani ya chombo cha maua kwenye meza ya maharusi, na kofi lile lilimsaidia baadaye kulinganisha sauti hiyo na picha: mahali mikono inapokutana, ndipo mlio unapowekwa. Hakunieleza hayo mpaka Jumatatu. Padri aliyekuja kusalimia alifikiri nampigia makofi kabla hajasema kitu, akaniangalia kwa jicho ambalo sijalisahau.

Jumatatu alinionyesha kompyuta yake. Mimi nilitegemea kuona programu moja kubwa yenye kila kitu. Nikakuta nne, na hakuna hata moja iliyoweza kumaliza kazi. Nilimwambia hiyo ni hasara ya muda.

«Nyumba yenu iko na fasi ya kupika, fasi ya kulala, fasi ya kunawa,» akasema. «Juu ya nini unataka mashine ifanye yote mu chumba kimoja?»

Tulizipa programu hizo majina yetu, kwa kuwa majina ya kweli yanabadilika na sura zake pia. Kisu ilikuwa ya kuchagua na kukata. Ni nyepesi, inakwenda hata kwenye mashine kuukuu, lakini ukiiachia rangi, nyuso za watu zinakuwa kama zimepakwa majivu. Sikio ilikuwa ya sauti peke yake: inaondoa mngurumo wa jenereta, inapunguza upepo, inainua sauti ya bibi anayenong'ona. Dirisha ilikuwa ya rangi na maandishi. Ilifanya kazi nzuri sana, na kila ilipofanya, feni ya mashine ililia kama pikipiki inayopanda mlima. Ya nne ilikuwa ndogo, isiyo na sura, unaiandikia amri nayo inageuza faili kutoka aina moja kwenda nyingine. Hiyo tuliiita Mutafsiri.

Kazi yote ilikuwa katika kuvuka kutoka moja kwenda nyingine. Mwalimu Ngoy alinipa sheria tatu, nami nawapeni kama nilivyozipokea. Ya kwanza: unapotoa picha katika programu moja kuipeleka katika nyingine, itoe nzima na nzito, usiibane ipungue uzito, kila unapobana unapoteza kitu na hakuna wa kukurudishia. Ya pili: amua tangu mwanzo ni picha ngapi kwa sekunde, sisi tulitumia ishirini na tano, na usiingize hata kipande kimoja chenye hesabu nyingine kabla hakijapita kwa Mutafsiri. Ya tatu: usisafishe sauti iliyo peke yake. Nakili kwanza, safisha nakala, na ile chafu uilinde.

Niliishi na sheria hizo kwa utulivu. Nilisoma kurasa za msaada za kila programu, za Kifaransa zote, nikiandika maneno mapya katika daftari. Mwalimu Ngoy aliporudishwa kwao aliniachia kinasa sauti na chombo cha maua. Kahindo alipokuja alikuwa amesoma zaidi yangu na alishika kamera ya pili vizuri kuliko nilivyowahi kushika ya kwanza. Tulifanya ndoa, komunyo, sikukuu za masista, mazishi. Ninaweza kusema bila kujivuna kwamba nilikuwa mtu wa utaratibu. Utaratibu huo ndio ulioniangusha.

Kisu haipeleki picha zenyewe kwa Dirisha; inapeleka orodha tu. Orodha inasema: chukua faili fulani, kuanzia sekunde hii hadi ile. Dirisha inakwenda kuitafuta faili hiyo kwa jina lake. Vipande vingi viliitwa kwa namba zilizotoka kwenye kamera, namba ambazo hazipendezi lakini hazifanani. Vile nilivyovithamini zaidi, baraka ya wazazi, viapo, mahubiri, nilivipa majina kwa mkono wangu, ili nisivipoteze.

Sasa, ninyi ni watu wa hapa, mnajua sisi Wanande tunavyoitwa kwa mpangilio wa kuzaliwa. Binti wa kwanza ni Masika. Mwana wa kiume wa pili, mara nyingi, ni Kambale. Katika mwezi mmoja wa kiangazi tulipokea ndoa mbili. Moja ilikuwa Beni: Kambale, anayeshughulikia karatasi za mizigo kwenye mpaka wa Kasindi, alimwoa Masika, mwalimu wa shule ya msingi. Nyingine ilikuwa hapa Butembo: Kambale mwingine na Masika mwingine. Kipande cha baraka ya Beni nilikiita Kambale-Masika-Baraka. Wiki mbili baadaye nikakiita cha Butembo vilevile. Nilipokuwa nanakili, mashine iliniuliza kama nataka faili mpya ichukue nafasi ya ile ya zamani. Nilidhani nimeinakili faili ile ile mara mbili. Nikajibu ndiyo. Kadi ya kamera ilikuwa imekwisha kusafishwa kwa ajili ya komunyo.

Hivyo Dirisha ilipotafuta baraka ya Beni, ilipata jina sahihi na mtu asiye sahihi. Sauti haikuguswa, kwa kuwa ilitoka katika folda ya Sikio, ambako niliitunza kwa tarehe. Nilipoangalia filamu niliona mzee mwenye kofia, mikrofoni mbele ya mdomo, na mbele yake shela nyeupe na suti nyeusi vikiwa vimepiga magoti, vinaonekana kwa nyuma. Niliona pia kwamba shavu la mzee halifuatani vizuri na maneno. Nikafikiri sauti imeteleza kidogo, kama inavyoteleza. Nikaisogeza picha nne mbele, nikarudisha mbili, nikaridhika. Nimefanya kazi nyingi za kurekebisha; hiyo ndiyo pekee ambayo nilirekebisha mdomo wa mtu kwa maneno ya mwingine.

Masika wa Beni alikuja Mususa asubuhi moja, amejifunga kitambaa cheusi kichwani. Flashi yetu yenye filamu aliibeba ndani ya leso.

«Keti, binti,» nikamwambia. «Filamu ilifika muzuri?»

«Ilifika, Papa Kakule.» Akafungua leso. «Baba mukwe alifariki.»

Baba mkwe wake alikuwa Mzee Katembo, mkulima wa kakao wa upande wa Eringeti, aliyehamia Beni na jamaa yake kwa sababu ya mashambulizi mnayoyajua. Nilimpa pole. Sikuwa nimesikia.

«Ni wiki tatu sasa,» akasema. «Donc juzi familia ikakusanyika, tukasema tuangalie baraka yake. Tukaangalia. Sauti ni yake. Mais, lakini, mutu haiko ye.»

«Haiko ye namna gani?» Kahindo akauliza kutoka kwenye meza yake.

«Ni muzee mwingine, hatumujui. Anasema na sauti ya baba.» Alikunja leso mara mbili. «Batu balianza kucheka. Shemeji akasema labda baba alisha badilishwa sura kule juu. Kisha mama akasimama, akaenda inje. Hakurudia mu nyumba mpaka tulizima.»

Nilijua kosa langu kabla sijafungua mashine. Nilimwambia kwamba nimekosa mimi, wala si mashine wala Kahindo, nikamweleza jinsi ilivyotokea. Alisikiliza kama mwalimu anavyosikiliza mwanafunzi anayesema kweli kwa kuchelewa.

«Sikuja kukugombeza,» akasema. «Mama anauliza kitu moja tu. Picha ya baba akisema ile maneno, iko ao haiko? Kama haiko, useme haiko, atajua.»

Nilimwomba siku kumi kabla ya kujibu.

Kwa siku mbili nilijaribu kufufua faili. Kuna programu za kazi hiyo, na zinafaa ikiwa hujaandika kitu kingine juu ya ulichofuta. Mimi nilikuwa nimeandika komunyo nzima. Siku ya tatu Kahindo akasimama nyuma ya kiti changu.

«Papa, unatafuta mutu mwenye ulishafuta. Tutafute benye balimuona.»

Yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao, lakini kamera yake ya pili ilielekea kwa wageni wakati wote wa baraka, ndivyo nilivyomwagiza. Ndani ya picha zake, hata hivyo, kwenye safu ya mbele, palionekana mwanajeshi aliyevaa sare safi, ameinua simu juu, haishushi. Tulimwuliza Masika. Ni jirani yao, alisema, luteni kutoka jimbo la Équateur, na bado yuko Beni.

Tulimkuta nyumbani kwake akipiga viatu rangi.

«Vieux, muzee wangu, mimi niko na yote,» akaniambia. «Nilikua mbele kabisa. Batu ba nyuma balinitukana.»

«Yote, mon lieutenant?»

«Yote. Isipokua fasi commandant alinipigia. Commandant akikuita, ata kama ni papa wa Roma anabariki, unaitika.»

Alitaka kunitumia video kwa simu, nikakataa, kwa sababu ikitumwa hivyo inabanwa. Nilimwomba simu yenyewe na waya. Aliniomba kadi yangu ya mpiga kura, akaishika juu ya goti mpaka nilipomaliza kunakili na kumrudishia simu. Nilimheshimu kwa hilo. Angekuwa mtu mzuri wa kutunza faili.

Picha ilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia. Mzee Katembo alikuwa pale, karibu, kofia nyuma kidogo, macho yanaonekana. Lakini simu haihesabu kama kamera. Mwanga ukipungua chini ya hema, inapunguza picha kwa sekunde; ukirudi, inaongeza. Ukiiweka moja kwa moja ndani ya Kisu, baada ya dakika tatu mtu anafunga mdomo na maneno yanaendelea. Niliipitisha kwanza kwa Mutafsiri, nikailazimisha kuwa ishirini na tano sawasawa. Kofi halikuwepo la kulinganishia; picha yake ilifutika pamoja na kile kipande. Kahindo alipata kiti cha plastiki kilichoanguka nyuma ya meza: kilionekana kwenye kamera yake, kilisikika kwenye simu ya luteni, kilisikika ndani ya chombo cha maua. Kiti hicho kilitushikia vitu vitatu mahali pamoja.

Ilibaki simu ya commandant: sekunde arobaini ambazo sauti ya mzee ipo na sura yake haipo. Nilitaka kuweka picha yake ya kitambulisho, ikisogea polepole. Kahindo alisema mzee angeonekana kama anatafutwa na polisi. Tukatumia kamera yake, wageni waliokuwa wanasikiliza, na kati yao mke wa mzee, Mama Katungu. Kisu ikakata, Sikio ikasafisha, Dirisha ikaleta rangi za simu na za kamera zikaribiane. Folda zote nilizipa jina jipya: mji, siku, na jina la mama wa bwana harusi. Tangu hapo hatujabadilisha, nanyi msibadilishe.

Siku ya tisa tulikwenda Beni. Tuliweka mashine juu ya meza ya sebule. Mama Katungu alikaa mbali, karibu na mlango, kama mtu ambaye hajaamua kubaki. Masika alikaa chini miguuni pake.

Mzee alipotokea, mama alivuta kiti mbele.

«Ni ye,» akasema.

Baraka ilikuwa kwa Kinande. Alianza na mababu, akaja kwa watoto, kisha ukafika ule mwanya wa sekunde arobaini, na picha ikawa ya wageni. Sauti ya mzee ikasema: «Watu wanaita hii nyumba ya Katembo. Mimi sijui hata chumvi inakaa wapi. Nyumba ni ya huyu mama.» Kwenye picha kila mtu alicheka na kumgeukia Mama Katungu. Yeye peke yake alikuwa ameangalia upande mwingine.

«Alisema vile?» akamwuliza Masika.

«Alisema, mama. Batu bote balicheka.»

«Mimi sikusikia. Nilikua naangalia kule jikoni. Wali ilikua inaungua.»

Filamu ikaisha. Akanyoosha kitenge chake juu ya magoti.

«Wasingya, asante, Papa. Umefanya kazi. Mais kikohozi yake iko wapi?»

Nilimweleza, nadhani kwa fahari kidogo. Nilikuwa nimeondoa kila kikohozi ndani ya Sikio na kuziba nafasi zake, na pale ambapo picha iliruka, nilifunika kwa uso wa mgeni. Ndivyo nilivyofanya kwa kila mzee tangu nianze kazi. «Ni juu sauti itoke safi, mama.»

«Safi ya nani? Miaka makumi tatu na ine sikumusikia anamaliza maneno tatu bila kukohoa. Uyu wako anasema sawa padri.»

Kahindo aliinama kwenye mfuko wa waya ili nisimwone anacheka.

«Urudishe,» mama akasema. «Yote.»

Tulirudi Mususa na niliifungua ile nakala chafu. Vikohozi vilikuwa kumi na kimoja. Kuvirudisha si kubonyeza kitufe kimoja. Kila kikohozi kinasukuma kila kitu kinachokifuata, kwa hiyo ilibidi niitoe kazi yote katika Dirisha, niirudishe katika Kisu, niondoe nyuso za wageni nilizozibandika, nimwache mzee ainue mkono mdomoni, ainamishe kichwa, angoje, ajifute, aendelee. Mwanya wa commandant uliongezeka sekunde sita. Katika sekunde hizo sita, nikiwa na vipokea sauti masikioni, nilisikia kitu ambacho nilikuwa nimekikata kwa wateja wangu wote: watu mia mbili wanamngoja mtu mmoja apate pumzi, na hakuna anayeona taabu.

Tulirudi Beni siku mbili baadaye. Safari hii Mama Katungu alikuwa ameweka kiti chake mwenyewe mbele ya meza kabla hatujafika. Kambale alikuwa amekuja kutoka Kasindi na alisimama nyuma yake. Sikueleza chochote. Nilibonyeza, nikakaa pembeni.

Mzee Katembo akashika mikrofoni. Akawataja mababu zake wawili, akafika kwa wa tatu, sauti ikamkwama. Akainua mkono, akakohoa, kwanza kidogo, kisha kwa kifua chote. Kiti cha plastiki kilianguka mahali fulani nyuma. Sebuleni hakuna aliyesogea.

Mama Katungu alikuwa amekaza macho kwenye kioo. Akasema kwa Kinande, taratibu, bila kumgeukia mtu yeyote kati yetu:

«Kunywa maji, Katembo.»

Akangoja mpaka alipomaliza kukohoa, naye mzee akaendelea.